Miraba myeusi ya Juni 2020: walimaanisha au walikuwa wanajikosha?

Wakuu, salaam.

Mleta uzi kauliza: baada ya George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, wale wasanii na makampuni ya muziki, filamu na televisheni waliojaza matamko na miraba myeusi mitandaoni walimaanisha, au walikuwa wanajikosha tu? Mchangiaji wa pili akaongeza kwamba msanii kazi yake kuburudisha, siasa awaachie wenyewe. Wengi mmejibu kwa mstari mmoja. Mimi nitawachosha kidogo maana ugali wangu unatoka hukohuko. Ni mtu wa sauti, yaani fundi wa kurekodi sauti, kwenye vipindi vya televisheni London, kibarua wa kuitwa kazi ikitokea, na mwaka ule niliyaona baadhi ya matamko hayo yakipikwa.

Jibu fupi ni kwamba wote wawili wapo, tena mara nyingi ndani ya jengo moja. Idara ya mawasiliano inatoa tamko kabla ya saa sita mchana, idara ya mikataba ghorofa ya juu wala haina habari. Ndiyo maana tamko silisomi. Natazama nani analipwa, kwa mkataba gani, na nani ana neno la mwisho kipindi kikiwa mezani kwa mhariri.

Tuanze na hiyo miraba. Jumanne ile ya tarehe 2 Juni haikupangwa iwe vile mnavyoikumbuka. Waanzilishi ni akina dada wawili weusi wa tasnia ya muziki Marekani, Jamila Thomas na Brianna Agyemang, wote waliopitia lebo (kampuni ya kurekodi muziki) ya Atlantic. Walichoomba ni watu wa muziki wasitishe kazi siku hiyo, siku ya kazi kabisa, wakae wajadili jinsi biashara nzima inavyoneemeka kwa jasho la watu weusi na inawarudishia nini. Kufika Jumanne yenyewe wito wa kusimamisha kazi umeshageuka picha nyeusi Instagram. Mamilioni wakaiweka. Wengi wakaambatanisha alama ya reli ya Black Lives Matter, zile harakati za kutetea uhai wa weusi, kwa hiyo aliyekuwa barabarani akitafuta habari za maandamano au msaada wa kisheria anafungua ukurasa anakuta giza tupu. Wanamuziki Kehlani na Lil Nas X walilipigia kelele jambo hilo siku hiyohiyo. Siku moja kabla, stesheni za ViacomCBS, MTV ikiwemo, zilikata matangazo kwa dakika 8 na sekunde 46, muda uliokuwa ukitajwa wakati huo kuwa ndio polisi alimkandamiza Floyd shingoni. Kwenye kioo maneno, kwenye spika pumzi ya mtu. Kwa mtu wa sauti nakiri ilikuwa kazi nzuri. Baada ya hapo wakaendelea na vipindi.

Hela nazo zilitoka. Warner Music walitangaza dola milioni 100 tarehe 3 Juni, Sony Music wakafuata na kiasi hichohicho, Universal wakaanza na milioni 25. Sikatai, hizo ni hela na kuna taasisi zimefaidika. Ila mfuko wa msaada na mrabaha, yaani fungu la msanii kila kazi yake inapoingiza hela, ni vitu viwili. Msaada anautoa bosi akijisikia, mrabaha unadaiwa.

Na hapa kuna jambo ambalo halikupata kelele. Kampuni ya muziki ya BMG mwezi huohuo walisema watapitia mikataba ya zamani ya katalogi (makusanyo ya nyimbo) walizonunua waone kama wasanii weusi walilipwa chini. Desemba 2020 wakatoa majibu: kati ya katalogi 15, nne zilionyesha weusi walikuwa na asilimia ndogo ya mrabaha kuliko wenzao. Kampuni ya muziki kujikagua na kutangaza hivyo si kawaida. Kisha Juni 2021 Sony wakaja na la kwao, la madeni ya wasanii wa zamani, na Warner na Universal wakafuata mwanzoni mwa 2022. Kwa wasioijua biashara hii: lebo inakupa hela ya awali, inalipia studio na video, halafu inajikata kwenye fungu lako mpaka deni liishe. Wazee wengi walirekodi miaka ya sitini au sabini, nyimbo zao zinapigwa kila harusi, lakini kwenye vitabu bado wanadaiwa, hawapati senti. Sony walisema msanii aliyesaini kabla ya mwaka 2000 na ambaye hajachukua hela ya awali tangu hapo, ataanza kulipwa na lile deni halitazuia tena. Mpango ulihusu wasanii wa rangi zote, lakini fikiria ni akina nani waliosainishwa mikataba ya kinyonyaji enzi zile.

Sasa kwa upande wa wasanii, linganisheni bendi mbili za kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani. Lady Antebellum, wazungu watatu wa Nashville, walitangaza Juni 11 kwamba wanaacha jina hilo kwa sababu linagusa enzi za utumwa, kuanzia sasa waitwe Lady A. Vizuri. Kumbe Seattle kuna mama mweusi, mwimbaji wa blues, Anita White, ambaye amekuwa akiimba kwa jina la Lady A kwa zaidi ya miaka 20. Hakuna aliyempigia simu kabla ya tangazo. Mazungumzo yakaanza, mama akataka dola milioni 10, nusu akajijenge upya kwa jina jingine na nusu iende kwenye mashirika ya hisani na harakati za weusi. Mwezi Julai bendi ikaenda mahakamani kudai haki ya kulitumia jina. Yaani unabadilisha jina ili usiwaumize watu weusi, halafu mwezi mmoja baadaye unamburuza mweusi mahakamani kwa ajili ya jina hilohilo! Wamekuja kumalizana 2022, na masharti hayakuwekwa hadharani. Wenzao Dixie Chicks nao walibadilisha jina mwezi uleule wakawa The Chicks. Wao waligundua kuna akina dada wa New Zealand waliotumia jina hilo miaka ya sitini, wakaomba ridhaa yao kwanza, wakapewa, wakawashukuru kwenye tangazo lenyewe. Tofauti ilikuwa simu moja tu.

Uingereza niliko, mtu aliyenitoa jasho ni John Boyega, mwigizaji mweusi wa filamu. Tarehe 3 Juni alisimama kwenye maandamano Hyde Park, London, na kipaza sauti, akilia, akasema hajui kama atabaki na kazi baada ya siku hiyo. Waongozaji na makampuni wakajitokeza kumpa pole na pongezi. Septemba ya mwaka huohuo ikabainika tangazo la manukato la Jo Malone, ambalo yeye mwenyewe alilibuni juu ya maisha yake ya Peckham, mtaa wa London, na kuwashirikisha ndugu na rafiki zake, limerudiwa kwa soko la China kwa wazo lilelile, yeye kaondolewa, kawekwa mwigizaji wa Kichina, bila kuulizwa. Kampuni ikaomba radhi, yeye akaacha kuwa balozi wa bidhaa zao. Wazo lake, sura ya mwingine. Mkitaka kujua kwa nini nasema angalieni chumba cha uhariri, hapo ndipo.

Mwezi huo wa Septemba kituo cha televisheni cha ITV walipimwa, na wao nawapa maksi. Kikundi cha dansi cha Diversity, chini ya Ashley Banjo, kilicheza kwenye shindano lao la vipaji, Britain's Got Talent, onyesho lenye polisi mzungu aliyeweka goti shingoni kwa Banjo. Malalamiko zaidi ya 24,000 yakafika kwa msimamizi wa utangazaji, Ofcom. Ofcom wakasema hakuna kosa. ITV wangeweza kukaa kimya wakajificha nyuma ya uamuzi huo, badala yake walinunua kurasa nzima za magazeti kusema wako na vijana wao. BBC kwao mambo yalikwenda mrama. Mwishoni mwa Julai mwandishi mzungu alilitamka hewani lile neno la matusi kwa weusi, lote, katika taarifa ya shambulio la kibaguzi Bristol. Kwanza wakatetea. Malalamiko yakavuka 18,600. Mtangazaji wa redio yao ya 1Xtra anayejulikana kama Sideman akaacha kazi, na kesho yake mkurugenzi mkuu Tony Hall akaomba radhi. Na hao BBC walikuwa wametenga pauni milioni 100 kwa vipindi vyenye watu wa aina mbalimbali wiki chache tu kabla! Pesa ipo, tamko lipo, lakini kwenye meza ya habari siku ile hakupatikana wa kusema "hapana, hii haiendi hewani" akasikilizwa.

Ya kwangu sasa. Juni ile kazi zilikuwa zimesimama kwa corona, vibarua tuko majumbani. Kampuni moja ya kutengeneza vipindi ambayo nimeifanyia kazi miaka kadhaa ikatuma barua pepe kwamba iko pamoja nasi. Siku chache baadaye tukaitwa wachache, wote weusi, kwenye kikao cha mtandaoni, mabosi wamekuja "kusikiliza". Kijana mmoja mpiga kamera akasimulia aliyoyapitia mpaka sauti ikamkatika, na bosi mmoja akalia. Machozi ya bosi sijui niyaandike kwenye daftari gani.

Zamu yangu ilipofika niliongelea plasta. Waliowahi kushika kazi hii wanaelewa: maiki ndogo unaibandika kifuani kwa mtu, chini ya nguo, kwa plasta laini. Stoo yao ilikuwa na rangi moja, ile ya waridi iliyofifia ambayo kwenye boksi imeandikwa rangi ya ngozi. Kwa mtangazaji mweusi mwenye kola iliyofunguka, inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Miaka yote nilikuwa natembea na kalamu ya wino wa kahawia, naipaka plasta dakika za mwisho huku mwongozaji akifoka kwamba tunachelewa. Mpambaji mmoja, dada wa Kikongo kutoka Bukavu, akaleta la kwake: watangazaji weusi wanakuja na poda zao mkobani kwa sababu meza ya vipodozi haina ya ngozi yao, na hela ya poda hawarudishiwi. Tukaomba plasta za rangi zote, mpambaji anayeijua ngozi nyeusi, na mtu mweusi mmoja mwenye mamlaka kwenye uhariri wa mwisho.

Plasta zilifika chapuchapu, boksi zima. Mpambaji alichelewa lakini alipatikana. Uhariri wa mwisho nasubiri mpaka leo.

Baada ya kikao yule dada alinipigia akaniambia, "Kaka, bale batu banapenda masolo, lakini franga hakuna." Yaani wale watu wanapenda maongezi, lakini hela hakuna. Kesho yake akawatumia ankara ya saa alizokaa kikaoni, kwenye sehemu ya kazi kaandika: ushauri. Wakaikalia wiki kadhaa, wakalipa. Katika maandamano yote ya mwaka ule, lile la ankara nalihesabu.

Kwa mchangiaji aliyesema msanii aburudishe tu: mkuu, mtafute Harry Belafonte, mwimbaji mweusi wa Marekani. Mwaka 1964 yeye na mwigizaji Sidney Poitier walibeba dola 70,000 taslimu mpaka Greenwood, Mississippi, kuwapelekea vijana wa harakati za haki za weusi, huku gari la Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, likiwafukuza. Na kama unadhani hayo ni ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, Belafonte, Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson ndio waliosaini barua ya kuchangisha nauli ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 wa Kenya Marekani mwaka 1959, ule mpango wa Tom Mboya.

Kuna kisa chake kingine ambacho watu wa fani yetu tunakipenda. 1968, Belafonte ni mgeni kwenye kipindi maalumu cha mwimbaji Petula Clark, televisheni ya NBC. Wakiwa wanaimba, Clark, mzungu, akamshika mkono. Mtu wa kampuni ya magari iliyodhamini kipindi akaja juu, akataka itumike rekodi nyingine ambayo hawagusani. Clark na mume wake wakaziharibu rekodi nyingine zote, ikabaki ile moja tu, na ndiyo iliyokwenda hewani Aprili ile. Clark hakutoa tamko. Alikuwa na mamlaka juu ya mkanda, akayatumia.

Na kwa anayeuliza kimebaki nini: kipindi cha Cops, cha kufuatana na polisi doria, kilifutwa Juni 2020, mwaka uliofuata kikarudi kupitia Fox Nation, huduma ya video mtandaoni. Katikati ya 2023, ndani ya wiki chache, wakuu wa vitengo vya ujumuishi (vya kuhakikisha watu wa rangi na asili zote wanapata nafasi) wa Netflix, Disney na Warner Bros. Discovery walitangazwa kuondoka. Februari 2025, baada ya serikali ya Washington kuzigeuka sera hizo, Paramount nao wakafuta malengo yao ya namba kwenye ajira. Kitengo kinafungwa kwa barua pepe moja. Msanii wa miaka ya sabini aliyeanza kupokea mrabaha wake kutoka Sony, kumnyang'anya tena si rahisi hivyo.

Mwenye swali zaidi kuhusu yale madeni ya lebo aulize hapahapa, naona kuna vijana wa Bongo Fleva wanapitia uzi huu na mikataba yao wanaijua wenyewe. Nitajibu kesho jioni, leo nina zamu ya usiku.