Kutoka Grateful Dead hadi mtungi wa Memphis: maswali yenu

Maswali mengi safari hii yanahusu Grateful Dead, bendi ya California iliyopiga tangu 1965 hadi mpiga gitaa wake, Jerry Garcia, alipofariki 1995, na ambayo jukwaani iliweza kuuvuta wimbo mmoja kama sebene lisilotaka kwisha. Wengi wenu mmeshagundua kwamba vibao kadhaa mnavyovipenda si vyao.

Nataka kujua walikuwa wanakopi nyimbo za nani. Nianzie albamu gani?

Ile ya jukwaani ya 1971, ambayo wapenzi huiita Skull and Roses kwa sababu ya fuvu na mawaridi kwenye jalada. Nyimbo zao wenyewe humo ni nne tu: Bertha, Playing in the Band, The Other One na Wharf Rat. Zilizobaki ni za watu. Soma majina ya watunzi yaliyoandikwa chini ya kila wimbo: utamkuta Merle Haggard, John Phillips, Kris Kristofferson, Chuck Berry, Buddy Holly, na katikati yao jina ambalo pengine hujawahi kulisikia, Noah Lewis, kwenye Big Railroad Blues. Anza na huyo.

Sikiliza wimbo wa Dead, kisha papo hapo usikilize ule wa kwanza, wa 1928, mara mbili. Halafu tafuta nyimbo mbili nyingine za wapigaji walewale ambazo Dead hawakuzigusa kabisa. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, wakaishia kuwa na orodha ndefu ya "nyimbo za asili" bila kumjua mwanamuziki hata mmoja. Mpigaji mmoja kwa wiki anatosha.

Lewis alipuliza harmonika katika Cannon's Jug Stompers, kundi la Memphis, Marekani, lililotumia mtungi kama ala. Kiongozi wao, Gus Cannon, alipiga banjo huku mtungi ukiwa umefungwa shingoni, mdomo wa mtungi ukiwa karibu na mdomo wake. Usidhani anapuliza kama mtoto anavyopuliza chupa. Midomo yake inatetema kama ya mpiga tarumbeta, na mtungi unaikuza ile sauti iwe besi.

Nimeutafuta Viola Lee Blues wa 1928. Nasikia kama samaki wanakaangwa, na wimbo unaisha kabla haujachanganya!

Kuhusu kuisha: upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba kama dakika tatu tu. Dead waliurekodi wimbo huohuo 1967 katika albamu yao ya kwanza, wakaufikisha dakika 10. Kwa hiyo usisubiri sebene, halipo. Fuata harmonika ya Lewis mwanzo mpaka mwisho, rudia ukifuata mtungi peke yake, kisha rudia kwa ajili ya maneno, maana ni habari ya mtu aliyehukumiwa kifungo.

Kuhusu kelele, vaa hedifoni. Spika ya simu haiwezi sauti za chini, hivyo mtungi unapotea na unabaki mkwaruzo mtupu. Kama programu yako inaongeza besi, izime, kwa sababu inakuza mngurumo wa mashine pamoja na mtungi. Halafu linganisha nakala mbili tofauti. Ile isiyo na mkwaruzo hata kidogo mara nyingi imesafishwa kupita kiasi, na harmonika inasikika kama imefunikwa blanketi. Chukua yenye kelele. Baada ya nyimbo tatu sikio litazoea.

Wenye magitaa wajue pia kwamba si kila santuri ya "78" ilirekodiwa kwa mizunguko 78 kamili kwa dakika, kwa hiyo sauti yaweza kuangukia katikati ya noti mbili. Usihangaike na nyuzi zako. Ipandishe au ishushe sauti ya rekodi kidogo kwa programu mpaka ikutane na gitaa.

Minglewood ngapi zipo? Nimechanganyikiwa.

Una haki. Cannon's Jug Stompers walirekodi Minglewood Blues 1928. Mwaka 1930 Noah Lewis akatoa New Minglewood Blues na kundi lake mwenyewe, na huo ni wimbo mwingine, maneno na muziki. Dead waliufuata huu wa pili, wakauita New, New Minglewood Blues mwaka 1967, na 1978 wakaurudia kwa jina la All New Minglewood Blues. Ukilinganisha Dead na ule wa 1928 utaona havifanani, utadhani umedanganywa. Ndiyo maana tunasisitiza usitafute kwa jina la wimbo peke yake. Weka na jina la kundi na mwaka. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, kina orodha ya bure mtandaoni, Discography of American Historical Recordings, inayoonyesha tarehe na mahali pa kurekodi.

Mahali pa jina la mtunzi wakiandika "traditional" (wa jadi), maana yake hakuna aliyetunga?

Maana yake ni kwamba karatasi haimtaji. Mfano ni Samson and Delilah katika albamu ya Dead ya 1977, Terrapin Station. Rudi nyuma hatua moja, utamkuta Reverend Gary Davis akiuimba katika albamu yake Harlem Street Singer. Rudi nyingine, ni Blind Willie Johnson, 1927, kwa jina tofauti kabisa: If I Had My Way I'd Tear the Building Down.

Mdundo wa Not Fade Away nimeuzoea kutoka mahali, lakini si Marekani.

Hesabu 1 hadi 16 kwa mwendo ulio sawa, piga kofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Ndio mdundo wa mwanamuziki Bo Diddley wa 1955, ambao Buddy Holly aliuchukua 1957 katika Not Fade Away. Makofi hayohayo ni ya vile vijiti viwili vya son, muziki wa dansi wa Kuba, uliofika kwetu kwa santuri za GV za kampuni ya HMV kuanzia miaka ya 1930 na kuingia katika rumba ya Kongo. Wengi hukosea kofi la nne, wanaliwahisha kwenye 10. Ngoja.

Nataka mkusanyiko mmoja tu.

Anthology of American Folk Music, aliyoipanga Harry Smith mwaka 1952. Ina rekodi 84, na Minglewood ya 1928 imo. Smith hakuandika nani mweusi na nani mweupe, kwa makusudi. Utabahatisha, na utakosea.

Na bluegrass, ule muziki wa banjo na fidla wa Marekani?

Albamu ya Old & In the Way, iliyorekodiwa 1973. Garcia anapiga banjo. Lakini msikilize Vassar Clements kwenye fidla, kisha umfuate hadi kwa Bill Monroe, aliyekuwa bosi wake zamani.

Naruhusiwa kupakua?

Maonyesho ya Dead yapo Internet Archive, maktaba ya bure mtandaoni. Yaliyorekodiwa na mashabiki kutoka ukumbini kwa kawaida yanapakuliwa. Yale ya kutoka kwenye mitambo ya bendi ni ya kusikiliza palepale tu. Santuri iliyotoka 1928 bado ina hakimiliki Marekani hadi mwisho wa 2028.