Ukienda na watoto mapembeani, hotpoti iache nyumbani

Wiki iliyopita nililetewa ujumbe na mama mmoja wa Wete. Likizo ya skuli atavuka kuja Unguja na watoto wake watatu, mkubwa ana miaka kumi na mmoja, mdogo ndio kwanza anajua kukimbia, na wamemshikilia awapeleke Kariakoo kwenye uwanja wa kufurahishia watoto. "Nimeandika vitu vya kuchukua karatasi mbili mbele na nyuma," kaniambia, "na bado moyo wangu unaniambia kuna kitu nimesahau. Nisaidie dada yangu, wewe umeshakwenda mara nyingi."

Karatasi mbili, mbele na nyuma! Nilikaa na ule ujumbe siku mbili nisiujibu, kwa sababu nilimuona mwanamke ninayemjua: mimi mwenyewe, mwaka 2022.

Jibu nakupa mapema, dada, usije ukachoka kusoma. Chukua kitakachoingia kwenye begi moja la mgongoni. Mikono yako miwili ibaki haina kitu. Sababu yake ni ndefu kidogo.

Mwaka huo, siku ya tatu ya Idi kubwa, niliwapeleka watoto Dar es Salaam kwenye bustani moja ya michezo ya maji. Siitaji jina, maana kosa lilikuwa langu, si lao. Baba watoto hakupata ruhusa kazini, kwa hivyo tulikuwa mimi, wanangu watatu, wifi yangu na binti yake. Safari ile niliiwekea pesa kwenye kibubu miezi mingi, na nilitaka iwe siku ambayo hakuna mtu atakayesema kakosa kitu.

Niliamka saa tisa usiku. Nikapika pilau ya kuku hotpoti kubwa, ile ya mviringo yenye mikono miwili ambayo huwezi kuibeba ila kwa kuikumbatia. Kachumbari kwenye kopo lake. Katlesi arobaini. Mikate ya kumimina miwili. Deli la juisi ya ukwaju na barafu. Chupa ya chai, na vikombe vya udongo, kwa sababu vya plastiki niliona havina heshima. Mkeka. Mito miwili. Nguo za kubadilisha pea mbili mbili kwa kila mtoto. Mama yangu, Mungu amrehemu, kila tulipotoka Pemba alikuwa na pakacha lake la ndizi za kuchemsha, mikate na samaki wa kukaanga, na neno lake lilikuwa moja: akiba haiozi. Mimi nimelelewa hivyo. Kwetu mtu akikukuta safarini huna cha kumkaribisha, aibu inarudi mpaka kwa mama yako.

Safari ya boti siielezi. Aliyewahi kuteremka bandarini na mizigo mitano na watoto wanne anajua mwenyewe.

Tulipofika mlangoni, yule kijana wa ulinzi akaangalia hotpoti akasema chakula cha nje hakiingii. Sheria imeandikwa kwenye ubao mkubwa, na mimi sikuwa nimeuliza. Hilo nalo ni la kukumbuka: bustani nyingi za aina hii hazikubali chakula kutoka nje, piga simu kabla. Lakini mimi nilisimama pale nikibishana. Nilimwambia nimeamka saa tisa. Nilimwambia tumetoka ng'ambo. Hotpoti nimeikumbatia kifuani, mkeka umebanwa kwapani, begi mgongoni, deli liko chini nalizuia kwa mguu. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka minne. Kwa kuwa hakukuwa na mkono wa kumshika, nilimwambia ashike pindo la buibui langu.

Sijui aliliachia saa ngapi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikusikia pindo likiachiliwa.

Nusu saa nzima. Nimekimbia huku, wifi kakimbia kule, walinzi wametutafutia ndani wakidhani kapenya mlangoni. Kumbe alivuka barabara. Alivuka barabara ya magari peke yake, tukamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ubavuni mwa mama anayeuza njugu, na kifuko cha karatasi mkononi. Yule mama kamuuliza jina la mama yake, kasema "Mama." Kamuuliza namba ya simu, hajui. Kamuuliza kwao wapi, kasema kwetu kuna bahari. Akaona heri akae naye hapo hapo mpaka mwenyewe atokee. Mwanangu hata hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikakaa chini kwenye vumbi na buibui langu.

Tukaingia ndani baada ya yote hayo, na hotpoti ikabaki kwenye kibanda cha walinzi. Na unajua nini? Katika mizigo yote ile, nguo za kuogelea sikuchukua. Binti yangu mkubwa alikuwa na suruali ya jinzi, wakamkatalia kwenye mitelezo ya maji kwa sababu ya zipu na vifungo vya chuma. Nguo ya kuogelea ya stara anayo, mimi nilimnunulia, na iliachwa juu ya kitanda. Alikaa pembeni siku nzima akiangalia wenzake. Nilibeba vikombe vya udongo nikasahau kitu kimoja ambacho ndicho kilichotupeleka.

Pilau tuliifungua usiku nyumbani. Imechacha, yote.

Ningeweza kuyasahau haya, lakini wiki mbili baadaye, kwenye shughuli ya jirani, tumekaa wanawake si chini ya ishirini tunamenya vitunguu, wifi yangu akasimulia kisa chote. Akamaliza kwa kusema, "Mwenzetu alikwenda kulinda wali." Wakacheka. Mimi nikaendelea kumenya. Machozi ya kitunguu yana faida yake. Sikuwahi kumjibu, na sasa naona hakusema uongo, lakini neno lile limekaa mahali fulani ndani yangu na bado liko.

Tuje Idi ndogo ya mwaka huu. Sikukuu pili, Kariakoo, watoto wote watatu, na wifi huyo huyo na binti yake. Safari hii nilibeba begi la skuli la mwanangu, la mgongoni, lenye mfuko mmoja mbele. Basi.

Nitakuonyesha lilivyokuwa. Ndani kabisa, doti moja ya kanga. Dada yangu, kama utasahau vyote usisahau kanga. Ni pande mbili zinazokunjwa zikawa na unene wa daftari, na siku ile nilizitumia hivi: upande mmoja tuliutandika tukakaa. Alasiri jua lilipokuwa kali, na mwezi Machi jua letu linapita juu ya utosi, nikautupa juu ya vichwa vya watoto wawili kwenye foleni. Wa mwisho alipojimwagia aiskrimu kifuani nikamzungushia huo huo nikambadilisha shati hapo hapo hakuna aliyemuona. Ulipokuja mnyunyo wa masika tukauinua wanne tukawa chini yake. Na usiku, wa mwisho alipolala, upande wa pili nilimfungia mgongoni kama mama zetu walivyotubeba, nikatembea naye mpaka kwenye daladala ya namba 502, mikono yangu imeshika wawili waliobaki.

Juu ya kanga, chupa mbili za maji. Ujanja wake ni huu: usiku wa kuamkia, jaza nusu chupa, ilaze ubavu kwenye friza, asubuhi ongeza maji ya kawaida. Inabaki ya baridi mpaka jioni, na hubebi deli. Kopo dogo la tende, kwa ajili ya mtoto anayeanza kununa kwa njaa kwenye foleni. Shati moja la mdogo. Tishu. Kipande cha sabuni, maana vyoo vya sikukuu unavijua. Mfuko wa kitambaa mtupu wa kutilia nguo chafu, na ukivuka kwenda Bara usithubutu kutumia rambo za plastiki. Kwetu zilipigwa marufuku mapema na wenzetu wakafuata tarehe 1 Juni 2019.

Mfuko wa mbele una kitu kimoja tu, inhela ya mwanangu wa kati. Ana pumu. Jioni, vumbi la watu na moshi wa mishkaki, kifua kikaanza kumbana. Nilifungua zipu, nikatoa, akavuta, akakaa dakika chache, akarudi kwenye foleni. Ingekuwa mwaka 2022 ningekuwa nainua mito natafuta. Kwa hivyo dawa ya mtoto ina mfuko wake peke yake na haichanganywi na kitu, na usiiache garini wala juani, joto linaiharibu.

Pesa niliziweka mahali pawili, kwenye kipochi cha shingoni ndani ya buibui na nyingine kidogo kwa binti mkubwa, zote za buku buku na sarafu za mia tano. Ukitoa noti ya elfu kumi usiku wa sikukuu utazungushwa chenji mpaka mtoto akojoe. Mkono wa Idi wa watoto niliwaachia kila mmoja elfu moja, nyingine zikabaki nyumbani.

Na mkono wa kila mtoto, upande wa ndani chini ya kiwiko, nimeandika namba mbili kwa peni ya wino mzito: yangu na ya baba yao. Mbili, kwa sababu simu moja huzima. Jina usiandike mahali pa kuonekana, mtu mbaya asije akamwita kwa jina akadhani anamjua. Nilipokuwa namuandikia wa mwisho, ambaye sasa ni mkubwa, alicheka kwa kutekenywa. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona ndoo iliyopinduliwa.

Sasa nikwambie kilichotokea. Mnyunyo ulipoanza, uwanja wote ulikuwa kina mama wanakusanya: hotpoti, mafuniko, vijiko, mikeka imelowa, watoto wanaitwa huku na huku. Mimi nilisimama tu, nikavaa begi, nikashika wanangu. Wifi yangu alikuwa na vikapu viwili vya ukili na bintiye hajulikani yuko wapi. Aliponigeukia uso umembadilika. Binti yake nilikuwa nimemshika mimi, mkono wangu wa kushoto, pamoja na wangu. Hakusema kitu na mimi sikusema kitu. Lakini nilifurahi, siwezi kukuficha, nilifurahi furaha ambayo nimeisubiri tangu ile siku ya vitunguu.

Dada zangu mnaosoma, tuambiane ukweli. Sisi hatufungashi kwa ajili ya watoto. Mtoto aliyepelekwa kwenye pembea anataka pembea, maji, kitu kitamu, na mama yake. Wali kaula jana na ataula kesho. Tunafungasha kwa ajili ya macho ya watu, tusije kuambiwa fulani kawatoa watoto bila chakula, fulani hana mkeka, fulani kanunua chipsi kama mtu asiye na jiko. Tunajitwisha ili tusisemwe, na kusemwa tunasemwa vile vile. Mshika mbili moja humponyoka, na katika hizo mbili mtoto ndiye mwenye miguu. Mungu amekupa amana, hakukupa hotpoti. Kila kitu unachokitia kwenye begi jiulize: hiki kitanichukulia mkono? Kama ndio, kitoe. Hata kama ni kizuri, hata kama kila mtu kabeba, kitoe.

Najua kuna atakayesema chakula cha pale ni ghali kwa watoto wanne. Ni kweli. Mimi huwalisha nyumbani kabla ya kutoka, kamili, wali na mchuzi, halafu tunatoka baada ya sala ya alasiri. Wakifika wameshiba. Bakuli moja la urojo kwa wawili linatosha kuwafurahisha, na hiyo ndiyo sehemu ya sikukuu yenyewe.

Mama wa Wete, umeuliza pia kuhusu kigari cha kumsukumia mdogo, ukichukue au usikichukue. Kiache. Kwenye msongamano hakipiti, botini utakikunja na kukikunjua, na kitakula mikono yote miwili. Mfunge kanga. Na kama utakaporudi Pemba watoto bado wana hamu, Chake Chake pale Tibirinzi kuna uwanja wao pia, chini ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar kama huu wa Kariakoo, utawapeleka kwa siku moja bila kulala nje. Kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi kiwe kwenye kipochi cha shingoni, usikitie begini. Peni ya wino mzito ukiikosa Wete, ukifika huku ingia duka lolote la madaftari Darajani, ununue mbili, maana moja watakuchorea ukutani kabla hamjatoka.