Mtoto yuko horini, maneno yako wapi?

Kwaya za Tanga zimeanza kuulizia igizo la nyimbo la Krismasi, lile la kutunga wenyewe. Majibu ni haya, na wengine mtanuna.

Shikamoo mwalimu. Nyimbo tumetunga sisi, lakini kwenye majaribio waumini wanasema hawasikii maneno. Tuongeze spika? (Mwalimu wa kwaya, Makorora)

Marahaba. Spika hazina kosa. Mmetunga tuni kwanza, kisha mkasukumia maneno ndani yake kama nguo kwenye begi lililojaa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: a-me-za-LI-wa, Ma-ri-A-mu, ho-RI-ni. Pigo lenye nguvu lisipoangukia hapo, sikio linasikia neno geni. Nyimbo nyingi za Ulaya humalizia mstari kwenye pigo zito, ndiyo maana zikitafsiriwa tunaimba "amezaliWAAA" na "horiNIII". Mtu akitamka hivyo sokoni Ngamiani atachekwa, lakini kanisani tumezoea. Kwa kuwa tuni ni yenu, malizieni kila mstari kwa noti mbili: nzito, kisha nyepesi. Na "m" ya mtoto, mlango au mkombozi ni silabi kamili, ipewe noti yake.

Kipimo ni rahisi. Mtu mmoja ayasome maneno kwa sauti ya kawaida huku mwingine akipiga makofi mahali pa mkazo, kisha tuni ifuate makofi hayo. Sauti ya pili, ya tatu na ya nne ziongezwe baadaye, na pale penye habari mpya wote waimbe sauti moja. Sauti nne zikitamka maneno tofauti kwa wakati mmoja, hata malaika Gabrieli hataeleweka.

Msimulizi wetu anachosha. Tumpunguzie? (Muheza)

Mpeni utenzi. Mnakaa mkoa aliozaliwa Shaaban Robert, halafu msimulizi anasoma kama tangazo la mnada! Mizani (silabi) nane kila mshororo, vina vitatu vifanane, cha nne kiwe cha bahari, yaani kile kile mwishoni mwa kila ubeti:

Mwezi ulipopevuka,
Mariamu akachoka,
Yusufu akatamka:
"Tugonge tena mlango."

Beti tano kati ya onyesho na onyesho zinatosha. Aghani kwa mahadhi ya utenzi, bila kinanda.

Igizo liwe la muda gani?

Dakika 45, nyimbo sita. Mkitunga kumi na mbili, sita zitakuwa mbovu.

Tunaomba mtutumie skripti na noti za nyimbo zote. (Wengi)

Igizo la kutunga wenyewe mnaombaje kutumiwa? Kila mwaka swali ni hili hili. Luka sura ya 1 na 2, Mathayo sura ya 2, daftari na kalamu. Anzeni.

Tukichukua tuni ya bongo fleva inayovuma tukaweka maneno ya Mungu, si itakuwa ya kwetu? (Kijana, Chumbageni)

Hapana. Tuni ni mali ya mtunzi wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na kubadilisha maneno kunahitaji ruhusa. Ombeni kwa mwenyewe au ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Tuni za Krismasi za watunzi waliokufa zaidi ya miaka 50 iliyopita ziko huru, ila tafsiri ya Kiswahili iliyomo kitabuni huenda ina mwenyewe. Na hata sheria isingekuwepo, mwumini akisikia ile tuni anakumbuka ukumbi wa dansi, si Bethlehemu.

Mazoezi yaanze lini?

Maneno na tuni viwe vimefungwa mwisho wa Septemba, na baada ya hapo asibadilishe mtu hata herufi. Oktoba ni kujifunza nyimbo. Novemba ni kuigiza bila karatasi mkononi. Kumbukeni mtihani wa kidato cha nne uko Novemba, hivyo msimpe mtahiniwa nafasi ya Mariamu. Kosa kubwa zaidi ni kupanga onyesho usiku wa tarehe 24. Nusu ya kwaya imeshapanda basi kwenda Moshi au Lushoto, na Herode amekwenda nao. Fanyeni Jumapili ya tatu au ya nne ya Majilio, yaani majuma ya kungojea Krismasi, na kila mhusika mkuu awe na mbadala aliyefanya mazoezi jukwaani, siyo aliyekaa benchi akitazama.

Maiki zinapiga mluzi mtoto akisogea mbele.

Amepita mbele ya spika. Sauti ya spika inaingia kwenye maiki, inatoka tena kwa nguvu zaidi, inazunguka. Spika zikae mbele ya waigizaji zikitazama waumini, wala mtu asizivuke. Maiki tatu zinatosha: moja ya msimulizi, mbili kwenye stendi. Isiyotumika ifungwe, na fundi mitambo awe na skripti yenye alama za lini afungue ipi. Mtoto asimame kiganja kimoja kutoka kwenye maiki, na feni iliyo juu yake izimwe anapoimba peke yake. Mvua ikipiga bati, mkatizeni msimulizi, kwaya nzima iimbe.

Kila wimbo ufanyiwe mazoezi mara moja bila kinanda. Umeme ukikatika, endeleeni.

Tukirekodi studio watoto wafuatishe midomo tu?

Basi wekeni flashi yenye rekodi, watoto wabaki nyumbani.

Mbuzi wa kweli horini?

Hapana. Atakula mapambo.

Mamajusi watatu waingie pamoja na wachungaji? (Katibu wa vijana, Pongwe)

Mathayo hakutaja idadi, na anasema waliingia nyumbani. Wapeni onyesho lao la mwisho, mahali pengine kabisa. Ndevu za pamba na gundi ziacheni, maana pamba huingia mdomoni katikati ya ubeti. Rangi nyeusi kidevuni inatosha.

Na hili hamkuuliza: malaika mwenye mabawa ya pamba na karatasi asishikishwe mshumaa. Pamba hushika moto kabla mama yake hajainuka kwenye benchi. Tumieni tochi ndogo zilizofunikwa karatasi ya njano, na ndoo mbili za mchanga zikae pembeni ya jukwaa.