Lenzi imeota madoa ikiwa ndani ya begi, nifanyeje?

Swali: Fundi habari za kazi. Nina lenzi mbili za kamera ambazo sizitumii sana, nazihifadhi kwenye begi lake la ngozi ndani ya kabati na nimetupia vipakti vya silika. Juzi nimetoa moja nakuta vidoa kwa ndani na pembeni kuna kitu kama nyuzi nyeupe. Nimekosea wapi, na je hii itaambukiza ile nyingine?

Jibu: Nzuri ndugu. Nianze na begi maana hapo ndio penye shida kubwa. Begi la ngozi na yale masponji ya ndani yanavuta unyevu na kukaa nao, halafu ngozi yenyewe ni chakula cha fangasi, kwa hiyo umeifungia lenzi gizani, hewa haitembei, chakula kipo na maji yapo. Begi ni la kubebea tu. Ukirudi nyumbani toa kila kitu.

Silika nayo watu wanaielewa vibaya. Zile punje zinavuta maji mpaka zinashiba na zikishashiba basi, hazifanyi kitu tena, na ukiziweka kwenye begi lenye zipu ambalo hewa inapita unakuwa unajaribu kukausha chumba kizima kwa vipakti viwili. Na vile vipakti vinavyotoka kwenye boksi la viatu mara nyingi vimeshashiba kabla hujavigusa.

Tafuta boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana na lile lastiki la kuzuia hewa, weka silika ya kutosha inayobadilika rangi, halafu weka na kipima unyevu kidogo cha dijitali. Hicho kipimo usikiruke, maana bila namba unabahatisha. Unyevu ukae asilimia 40 mpaka 50. Ukipanda 65 na ukakaa huko wiki kadhaa fangasi anaanza kujisikia nyumbani, na usiushushe chini ya 30 ukauacha huko muda mrefu kwa sababu grisi na raba za lenzi nazo hazipendi ukavu uliopitiliza. Sasa hivi vipimo vya bei rahisi vinadanganya kidogo, unaweza ukavijaribu mwenyewe: weka chumvi ya kawaida kwenye kizibo, tia matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote, ifungie na kipimo ndani ya kopo lisilopitisha hewa bila kugusana, acha usiku mzima. Inatakiwa isome 75. Ikisoma 70 ujue inasoma chini kwa 5, jumlisha mwenyewe kichwani.

Silika ikibadilika rangi usitupe, itandaze kwenye trei uiweke oveni kama nyuzi joto 120 za Selsiasi kwa masaa mawili hivi, usizidishe moto ile rangi itaungua. Chukua ya rangi ya chungwa, ile ya bluu inayogeuka pinki ina kobalti kloridi ambayo ni sumu, sio ya kuipasha kwenye oveni ya chakula. Kama una lenzi nyingi nunua tu lile kabati la umeme la kukaushia, kwa lenzi mbili boksi linatosha kabisa.

Haya, madoa. Kabla ya kupaniki fungua tundu la lenzi (lile la ndani linalopitisha mwanga) mpaka mwisho, piga tochi kutokea nyuma, angalia kwa upande. Nukta nukta zilizoachana ni vumbi, achana nalo, kila lenzi inalo na kwenye picha halionekani. Ukungu kama moshi uliotanda sawasawa mara nyingi ni mvuke wa grisi. Nyuzi zenye matawi kama mizizi, kama unavyoelezea wewe, huyo ni fangasi. Ukiikausha ataacha kukua ila hatoweka, na asidi anayoitoa inakula ile kotingi ya kioo, yaani utando mwembamba uliopakwa juu yake, kwa hiyo akikaa sana hata fundi akifungua na kusafisha alama inabaki. Peleka mapema. Usifungue mwenyewe, vioo vikirudi vimekaa upande hata kidogo picha haitakaa ikawa kali tena.

Kuhusu kuambukiza, watu wanakuza mno, mbegu za fangasi ziko kwenye hewa kila mahali tayari. Ila hiyo ya pili imekaa kwenye unyevu uleule, kwa hiyo ipige tochi leo, na ile mbovu ikae peke yake mpaka isafishwe.

Utasikia pia uianike juani. Jua kali linaweza kumpunguza lakini kioo kinazuia sehemu kubwa ya ile miale inayomuua, na lenzi ikiachwa juani inakusanya mwanga sehemu moja, inaweza kuunguza kitambaa au meza, usiiache bila mtu. Na mchele wa kuvutia unyevu usiweke, unaacha vumbi la wanga na fangasi anaupenda wanga. Ukitoka chumba cha kiyoyozi kwenda kwenye joto, funga lenzi kwenye mfuko wa plastiki kwanza mpaka ipate joto, vinginevyo itatoka jasho, na ikitoka jasho isirudi kwenye boksi siku hiyo mpaka ikauke vizuri.