Safu ya Zana: Kisu cha springi cha ubavuni au cha kuchomoka mbele?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchuuzi wa dagaa na kayabo katika soko la Mwaloni, Kirumba, na mara mbili au tatu kwa wiki hupanda mtumbwi wa mashine kwenda visiwani kufuata mzigo. Mpwa wangu anayefanya kazi Marekani anakuja likizo, naye ameniambia, "Mjomba, chagua kimoja nikuletee." Kimoja ni Pro-Tech TR-3, ambacho ukibonyeza kitufe bapa lake hufunguka kwa ubavuni kama la kisu cha kawaida cha kukunja. Cha pili ni Microtech Ultratech, ambacho ukisukuma swichi bapa huchomoka mbele kupitia kwenye tundu la mpini. Cha kwanza ni cha chuma cha 154CM na cha pili ni cha M390. Ninataka kisu cha kukaa mfukoni kila siku, cha kukata kamba za viroba, kufungua katoni, kumenya chungwa, na kukata nyavu zikijisokota kwenye propela. Nichukue kipi?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu yangu wa Kirumba, chukua TR-3. Ningeweza kuishia hapo, lakini mpwa wako huenda akakuuliza sababu, na sababu zenyewe si zile zinazotajwa sana na wauzaji.

Kwa vipimo visu hivi havipishani sana. Bapa la TR-3 lina urefu wa takriban milimita 89 na la Ultratech takriban milimita 88, mipini ya vyote viwili ni ya alumini, na vyote hutengenezwa Marekani, kimoja California na kingine North Carolina. Ultratech ni ghali zaidi, lakini kwa kuwa mlipaji ni mpwa wako, hilo tuliache. Tofauti iliyo muhimu imo tumboni mwa kila kisu.

Katika TR-3, springi imezungushwa penye egemeo la bapa, na kisu kinapokuwa kimefungwa springi hiyo imekazwa tayari, ikisubiri tu kuachiwa. Kitufe unachokibonyeza ndicho hicho hicho loki: hulizuia bapa lisifunguke kisu kikiwa mfukoni, na bapa likishafunguka hulizuia lisikurudie vidoleni. Kukifunga ni kazi ya mkono wako, kwa maana unabonyeza kitufe na kulirudisha bapa huku springi ikikupinga. Katika Ultratech mambo ni kinyume. Springi yake imetulia kisu kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa pia, na kinachoivuta ni kidole gumba chako unaposukuma swichi, mpaka inapofika mahali inapoliachia bapa. Hapo bapa hurushwa. Springi hulisukuma kwa kipande kifupi tu cha mwanzo, na safari iliyobaki bapa huenda kwa mbio zake lenyewe hadi linapokamatwa na loki. Ukivuta swichi nyuma, bapa hurudi ndani kwa namna hiyo hiyo.

Kutokana na hayo yako mambo ambayo watu huyaelewa kinyume. Wengi hudhani kwamba kisu cha kuchomoka mbele ndicho cha hatari mfukoni, kumbe swichi ya Ultratech ni ngumu na inadai nguvu ya makusudi, hali kitufe cha kisu cha ubavuni kikibanwa na funguo au ukingo wa benchi la mtumbwi kinaweza kuliachia bapa lililokwisha kukazwa. Kwa hiyo TR-3 ikae mfukoni kwa klipu yake, peke yake, bila funguo wala sarafu. Vilevile nikiri kwamba kwa mtu ambaye mkono wake mmoja umeshika kamba, kisu kinachofunguka na kujifunga kwa kidole gumba kile kile ni raha ambayo TR-3 haiwezi kukupa.

Sasa kwa nini bado nasema TR-3? Kwa sababu ya mchanga. Niliwahi kuwa na kisu cha kuchomoka mbele, si Ultratech bali cha bei nafuu kilichoigwa umbo lake, na nilikwenda nacho kwenye mwalo mmoja ambako dagaa walikuwa wameanikwa chini. Wewe unaujua ule mchanga laini unaoshikamana na dagaa, uliochanganyika na vipande vya magamba na vichwa vilivyovunjika, ambao ukiingia kwenye mshono wa mfuko hautoki hata kwa kufua. Kisu kilikaa humo siku nzima, na tundu lake la mbele liko wazi wakati wote kwa sababu bapa ni lazima lipite hapo. Jioni, mama mmoja aliniomba nimkatie kamba ya kiroba. Nikasukuma swichi, ukasikika mlio mdogo mkavu, bapa likatokeza nusu na kusimama huku likichezacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Lilikuwa limekutana na kizuizi njiani, na kwa kuwa halikuwa na springi nyuma yake ya kulimalizia safari, lilikuwa limetoka kwenye mshiko wake. Dawa yake ni kuishika ncha ya bapa kwa vidole na kuivuta mpaka loki inase, na hicho si kitendo cha kufanya mkono ukiwa na mafuta ya samaki. Yule mama hakunisubiri. Alichomoa kisu chake cha jikoni, ambacho mpini wake ulikuwa umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akakata kamba yake na kuendelea na kazi.

Ultratech halisi imetengenezwa kwa ustadi mkubwa kuliko kile changu, lakini umbile la kazi ni lile lile: bapa linalohitaji nafasi ya kupita, tundu lililo wazi, na mwendo usiostahimili kizuizi. Kwa sababu ya nafasi hiyo pia, bapa la kuchomoka mbele huwa na mtikisiko kidogo hata kisu kikiwa kipya, nao si ubovu. TR-3 ikiingia mchanga inakwaruza na kukasirisha, lakini ukiusuuza kwa maji na kuupuliza unatoka. Tena skrubu zake hufunguliwa kwa bisibisi ndogo ya nyota ambayo fundi simu yeyote pale Makoroboi anayo, ilhali Ultratech nyingi zina skrubu za pembe tatu za kampuni yenyewe.

Upande wa chuma, Ultratech inashinda, na nisingependa kulificha hilo. M390, chuma cha kampuni ya Böhler ya Austria, kina takriban asilimia 1.9 ya kaboni, asilimia 20 ya kromiamu na asilimia 4 ya vanadiamu, kwa hiyo kinashika makali muda mrefu na kinaistahimili kutu vizuri sana. 154CM kina takriban asilimia 1.05 ya kaboni na asilimia 14 ya kromiamu. Utakinoa mara nyingi zaidi, lakini kila mara utakinoa kwa dakika chache na jiwe la kawaida la dukani, wakati M390 hulichosha jiwe la namna hiyo na hudai sahani ya almasi. Chonde chonde, usimpe mnoaji wa baiskeli kimojawapo. Jiwe lake linalozunguka kwa kasi hulichoma bapa, na ukiona ukingo umegeuka buluu ujue chuma kimelainika mahali pale na hakitashika makali tena.

Kuhusu kutu, tunayo bahati kwamba ziwa letu ni la maji baridi, na kisu kilichotumbukia humo kikafutwa hakidhuriki kama kilichotoka baharini. Adui yako wewe ni kayabo. Chumvi inayobaki kwenye bapa baada ya kukata kiroba cha sangara wa chumvi, ikikaa usiku kucha ndani ya mpini, italitia 154CM madoa, na baada ya madoa vinafuata vishimo. Kila jioni kisuuze kwa maji safi kikiwa wazi, kikung'ute, kifute, kiache kikauke, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye egemeo. Tone moja, si kijiko.

Nimebakiza suala la propela, na hapo sikupi kisu chochote kati ya hivyo viwili. Wavu uliojisokota kwenye propela hukatwa kwa kuvutavuta na kupindapinda, mikono ikiwa imelowa, na bapa lolote linalotegemea loki ndogo halikuumbwa kwa pindapinda hiyo. Zima mashine kwanza, iinue, halafu tumia kisu kisichokunjwa chenye mpini mnene, ambacho kinakaa kwenye ala iliyofungwa ndani ya mtumbwi na kina kamba ya kukiunganisha na ala yake. Alumini haielei, na nahodha wako hatageuza mtumbwi kwa ajili ya kisu cha mjomba.

Kabla mpwa wako hajanunua, mwambie mambo mawili. Kwanza, anunue kwa muuzaji anayetambuliwa na kampuni, kwani Ultratech za bandia ni nyingi mno. Pili, aangalie sheria za kila nchi atakayopitia. Marekani ina sheria ya shirikisho ya mwaka 1958 inayohusu visu vya springi, na majimbo nayo yana sheria zake zinazotofautiana. Uingereza ilivipiga marufuku tangu sheria ya mwaka 1959, kwa hiyo asithubutu kutoka nacho nje ya uwanja wa ndege kule London. Kwetu, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu anayetembea na silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu bila sababu halali. Kisu kilicho sokoni kando ya viroba vyako kina maelezo. Kisu hicho hicho kikifyatuliwa kwa mbwembwe ndani ya daladala ya Igoma hakina. Awaulize pia watu wa forodha kabla ya kusafiri, kwa maana ni bora swali la simu kuliko swali la kaunta.

SWALI: Kisu changu cha springi cha ubavuni sasa kinafunguka nusu na kusimama. Nilikitia mafuta ya kupikia lakini kimezidi kuwa kizito. Je, springi imekufa?
Msomaji, Musoma

JIBU: Huenda springi ni nzima na mafuta ndiyo tatizo. Mafuta ya kupikia yakikaa hugeuka ulimbo, nayo hukusanya vumbi. Osha egemeo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni huku ukifungua na kufunga, kausha kabisa, kisha tia tone la mafuta ya cherehani. Ikiwa bado ni kizito, legeza skrubu ya egemeo kidogo sana, kama moja ya nane ya mzunguko, ujaribu tena. Bapa likianza kuchezacheza ubavuni, umelegeza kupita kiasi. Springi iliyokatika utaijua, kwa sababu ukibonyeza kitufe bapa halisukumwi hata kidogo.

SWALI: Nimeona Ultratech ya makali pande mbili. Je, haina faida maradufu?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Hapana. Kwenye kamba ngumu kidole gumba huegemea mgongo wa kisu ili kuongeza nguvu, na kisu cha makali pande mbili hakina mgongo wa kuegemea. Isitoshe, askari akikikuta mfukoni hatafikiria machungwa. Ultratech hiyo hiyo hutengenezwa pia kwa makali ya upande mmoja, na kama ni lazima uwe nayo, agiza hiyo.