Ukisoma Sosholojia Utaitwa Nani?

Nilipopata nafasi ya kusoma sosholojia, yaani elimu ya jamii, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mjomba wangu wa Ngamiani aliniuliza swali moja tu: "Mpwa wangu, ukimaliza utaitwa nani?" Aliyesoma ualimu ni mwalimu, aliyesoma uuguzi ni muuguzi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu sikujua. Siku hizi wadogo zangu wa hapa Tanga wanaomaliza kidato cha sita na michepuo yao ya HGL au HGK wananiuliza swali lile lile, na wanastahili jibu.

Shahada ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ni Marx, Weber na Durkheim, waasisi wa sosholojia, na nakiri niliwakariri tu. Mwaka 1897 Durkheim alichukua jambo ambalo kila mtu aliliona ni siri ya moyo wa mtu mmoja, yaani kujiua, akaonyesha kwa takwimu kwamba viwango vyake hutofautiana jamii na jamii, kwa hiyo chanzo chake hakimo ndani ya mtu peke yake. Niliyaandika hayo kwenye mtihani nikafaulu bila kuyaelewa. Aliyenielewesha ni bibi mmoja mvuvi wa pweza.

Nilikuwa field, yaani mafunzo kwa vitendo, mwaka wa pili, katika kijiji cha wavuvi kusini ya Tongoni. Nilimkuta bibi amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mkonjo wake wa kuchomea pweza umeegemezwa ukutani, bado una chumvi. Nikamwamkia, nikakaribishwa jamvini, nikafungua dodoso, karatasi yangu ya maswali. Tulipofika kwenye kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi, aliacha kukuna. "Mwanangu," akasema, "mimi sina mwezi. Mimi nina bamvua na maji mafu."

Akanieleza taratibu. Bamvua maji hutoka mbali, mwamba ukaonekana, na wanawake hushuka na mikonjo yao. Maji mafu mwamba haufikiki, hapo huishi kwa kukopa unga na sukari dukani. Bamvua ikirudi, deni linalipwa kwa pweza, na mwenye duka ndiye mnunuzi, ndiye anayepanga bei. Nikatazama rundo la madodoso niliyokwisha kuyajaza. Yote yalikuwa na kipato cha mwezi, na yote yalikuwa ya kubahatisha, mimi na niliowahoji tukisaidiana kubahatisha.

Afisa maendeleo ya jamii aliyekuwa akinisimamia hakunigombeza. Alinikalisha tukaandika swali upya: bamvua iliyopita ulipata nini, maji mafu ulikula kwa nani? Majibu yakabadilika kabisa. Nyumba tulizoziita maskini kwa sababu hawajui kuweka akiba zilikuwa zimefungwa katika mnyororo mmoja wa mikopo. Hapo ndipo nilipomwelewa Durkheim. Na kama maelezo hayo hayakusisimui hata kidogo, nakushauri kwa upendo utafute kozi nyingine, kwa sababu kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Sasa ajira. Serikalini, mlango unaojulikana zaidi ni uafisa maendeleo ya jamii, wa kata au wa halmashauri. Hao ndio wanaosimamia vikundi vya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nafasi hutangazwa kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na waombaji ni wengi mno, kwa hiyo usikae nyumbani ukisubiri huo tu.

Mlango wa pili ni miradi mikubwa, na sisi wa Tanga tumeuona kwa macho. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye kilomita 1,443, linaishia hapa Chongoleani. Ukipitisha bomba unagusa mashamba, minazi, makaburi, njia za mifugo. Lazima awepo mtu wa kukaa na familia na kujua nani hasa ana haki katika shamba la marehemu babu, mke wa pili ameandikwa au amerukwa, kaburi litahamishwa kwa utaratibu gani. Mhandisi hakufundishwa hayo. Wewe umefundishwa.

Wa tatu ni utafiti na mashirika yasiyo ya kiserikali, na huku ndiko nilikoanzia. Nitasema kweli: mikataba ni mifupi, ya miezi mitatu au sita. Kazi yangu ya kwanza nililipwa miezi minne baada ya kukabidhi ripoti, nikaishi kwa mama yangu kama yule bibi wakati wa maji mafu. Tangu hapo sianzi kazi bila mkataba wa maandishi wenye tarehe za malipo, na wewe usianze.

Kinachotofautisha anayeitwa tena na asiyeitwa ni ufundi. Jifunze takwimu kwa bidii. Wengi wetu tulikimbilia sosholojia tukikwepa hesabu, na hesabu ikatukuta huko huko. Jua kutengeneza dodoso la simu kwenye Kobo, jua kuchakata data kwenye SPSS, programu ya takwimu, jua kuandika mahojiano neno kwa neno kisha kuyafanyia uchambuzi. Jizoeze kuandika ripoti ya kurasa tano ambayo diwani ataimaliza. Utafiti wako wa mwaka wa tatu ufanye juu ya jambo linaloajiri watu, kama ardhi, uvuvi, afya ya mama au mkonge, kwa sababu ndio kitu cha kwanza utakachomwonyesha mwajiri.

Barua ya kuomba field ipeleke halmashauri mapema, mkononi, ubaki na nakala yenye muhuri. Ukifika kijijini anzia kwa mwenyekiti na mtendaji, usiingie nyumba ya mtu kabla hawajakujua. Usipange mahojiano saa ya adhuhuri. Na kabla ya kuchapisha madodoso, mtafute mzee mmoja wa pale umsomee maswali yote kwa sauti, uone atacheka wapi.