Baba yuko misheni, mtoto hataki kuongea nae

SWALI: Shangazi shikamoo. Mume wangu kasafiri na timu ya kanisa kwenda misheni wiki 3, nimebaki na watoto wawili. Wa miaka 9 hana shida ila huyu wa miaka 4 baba akipiga video koli anajificha nyuma ya kochi, halafu usiku analala na shati la baba yake. Mume anaumia, anadhani nimemlisha maneno. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hajamchukia baba yake, angemchukia lile shati angelitafuta la nini? Wiki 3 kwa mtoto wa miaka 4 haina maana, hata kesho kutwa hajui ni lini, anachojua ni baba anatokea kwenye simu halafu anapotea tena, yaani kila simu ikikatika ni kama ameondoka upya. Acha kumvuta aje aongee. Mumeo atume voisi fupi ya kumuaga kulala, dogo asikilize hata mara kumi akitaka. Na mchoree visanduku, kimoja kwa kila siku iliyobaki, ubandike mlangoni, kila asubuhi apake rangi kimoja.

Huyo wa miaka 9 nae usimwamini sana, wengine wanajifanya wakubwa ili mama asichoke, mtafute mkiwa wawili tu. Mume akirudi mdogo anaweza kumnunia siku mbili tatu, asilazimishe kukumbatiwa.

Na wewe je, unalala? Maana umeuliza ya wote, yako hujasema.